Jina la Chumbani

Fundi cherehani wa kona ile hakuwa mjinga, asikudanganye mtu. Alikukadiria kiuno ukiwa bado unavuka barabara. Ila kile kisanduku cheusi juu ya kabati la nguo hakukielewa, na hakukizima, kwa sababu kilikuwa cha marehemu mumewe. Kila asubuhi alikipangusa vumbi na kukisalimu. Kitaa chake cha kijani kikipepesa, moyo ulimtulia. Usicheke, ujane una mambo yake.

Mumewe alimweleza zamani kwamba kisanduku hakina hela ndani. Kinatunza nakala ya hesabu za sarafu za mtandaoni, na kupokezana habari za malipo na visanduku vingine duniani. "Mimi tarishi tu," alisema. "Barua si zangu."

Basi mchana mmoja akaingia mwanamume mwenye koti, kaleta suruali ya kupunguza urefu. Akaiweka mezani, akasema kwa upole, "Habari za kazi, Vifungo."

Mama wee! Sindano ikamchoma kidole. Jina hilo hata mama yake mzazi hakulijua. Mumewe alimwita hivyo chumbani tu, mlango ukifungwa, maana kila akivua nguo vilidondoka vifungo alivyosahau mfukoni. Akamkodolea macho yule mtu, akimtafuta marehemu usoni mwake.

"Mimi ni mpelelezi," mgeni akasema. "Kuna pesa za watu zimeibwa mtandaoni, na malipo ya wizi huo yalionekana kwanza yakitokea nyumbani kwako. Laini ya intaneti ina jina lako. Kesho uje kituoni, na wakili ukimpata."

Akaondoka. Suruali akaiacha.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni fundi wa kompyuta. Mjane alimwita akamsimulia yote, hata lile jina; naye alipokikagua kisanduku akashika kichwa.

"Shemeji, kaka alikipa hiki jina lako! Visanduku vya aina hii hutangaza jina na anwani ya intaneti. Anwani inafichika, lakini kaka hakuificha. Miaka yote hii dunia nzima inasoma: Vifungo yupo, yuko macho, yuko mtaa huu."

"Alitaka nini, jamani?"

"Kukusifu, labda."

Mjane akacheka, kisha akalia. Mwanamume yule! Barabarani hakumshika hata mkono, kumbe alimtangaza kwa walimwengu.

"Na jela je?"

"Kupitisha si kuiba, lakini sheria yenyewe bado inapapasa. Ukikiacha kinawaka na umeshaonywa, watasema ulijua. Kizime, shemeji. Kesho tutakipeleka wenyewe."

Shemeji akatoka kwenda kutafuta wakili. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kuzima kile kitaa kulikuwa kumzika mumewe mara ya pili, na mara ya kwanza ilikuwa imemmaliza. Akafunga mlango kwa komeo, akapanda kwenye kiti. "Nisamehe, baba," akanong'ona, akachomoa waya. Chumba kikanyamaza. Kumbe siku zote kilikuwa kikivuma, naye alishazoea.

Hajashuka bado, akasikia hodi. Kwenye uwazi wa chini ya mlango akaona viatu.

"Vifungo," sauti ikaita. Haikuwa ya mpelelezi. "Mbona umezima?"

Akajibu pale pale juu ya kiti, "Aliyekuwa akiniita hivyo amekufa!"

"Tunajua. Ndiyo maana tunapitishia kwako, hakuna anayekiangalia. Washa, mama."

Hapo hofu ikageuka hasira. Jina lake la chumbani, mdomoni mwa mwizi! Akashuka, akauchukua mkasi wa vitambaa, ule ambao mumewe hakuthubutu kuukatia hata karatasi, akaukata waya vipande vipande, akilia kwa sauti.

"Sasa uniite tena!" akafoka.

Hakuitwa tena. Ila viatu havikuondoka.