Marakuja Niliyoikata

Nilipokuwa mtoto kule Itebero, kitovu cha mtoto kikianguka kilizikwa chini ya mgomba, na mgomba huo ukawa wake. Lakini mdogo wangu Amani alizaliwa tukiwa tumetoka kukimbia vita, mgomba hatukuwa nao hata mmoja, basi Koko, mama ya mama yangu, akakizika chini ya marakuja ya porini, ule mmea wa kutambaa unaozaa pasheni, iliyopanda juu ya mti nyuma ya nyumba. Akatukataza kuigusa na kisu. Ikiwa mbichi, alisema, Amani ni mzima.

Nilikuwa na miaka tisa, Amani miwili. Siku moja kamba yangu ya kuni ilikatika karibu na nyumba, nikaiona ile marakuja, ndefu, ngumu, nikaikata chini kabisa, nikachukua kipande cha kufungia kuni, juu ikabaki imening'inia mtini, nikaficha kisiki kwa majani. Sikufikiri. Nilifikiri jioni, mwili wa Amani ulipowaka moto.

Mama alitaka twende kituo cha afya, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Koko akatoka, akaangalia juu ya mti.

"Ona, iko mubichi, na maua inatoa. Mutoto hana kitu."

"Lakini anatetemeka, Mama."

"Utamupeleka mu mvua hii? Ni weye utamuuwa, kisha useme ni homa."

Nilikuwa pale, mkono mdomoni. Nilijua majani yale hayana shina, ni mvua tu iliyoyaweka mabichi. Neno moja lingetosha. Niliogopa fimbo.

Siku ya pili majani yakalegea. Koko akainama, akapapasa chini, akaona. Hakuuliza ni nani. Alimfunga Amani mgongoni, akakimbia, mama nyuma yake.

Amani alipona, masikio yake hayakupona. Muganga wa kituoni alisema malaria ilipanda kichwani, tumechelewa kumleta.

Leo niko Kitshanga, nimesoma sekondari, najua habari za mbu, najua marakuja ni tunda tu. Lakini binti yangu wa miezi mitano akipata joto kidogo sikai, mama mkwe akisema tungoje simsikilizi, namfunga natoka, na kule kituoni wananiita Mama Kila Siku. Wacheke. Amani akija kumpakata, hutazama midomo yangu ajue nasema nini. Kila mara najiambia leo nitamwambia. Halafu namuuliza kama amekula.