Niliacha kunadi mayai kanisani nikidhani napanda cheo, mpaka Mama Paulo alipoacha kuja ibadani

Wakuu, habari za jioni? Poleni na mihangaiko.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, nimeona nilimwage hapa. Ni kweli tupu, nimebadilisha majina tu kwa heshima ya wahusika. Kama mambo ya kanisa si yako, soma kama habari ya mtu aliyejiona.

Mimi nauza mitumba hapa Babati. Siku za gulio nimetandika turubai langu chini, shati mkononi, naita wateja mpaka sauti inakauka. Mdomo ninao, sikatai. Shuleni uliniletea viboko, ukubwani unalisha wanangu wawili.

Jumapili nasali kanisa moja la Kilutheri upande wa Nakwa.

Sasa, wale wa makanisa makubwa mnaotoa sadaka kwa simu, nawaelezea kidogo. Huku wengi ni wakulima. Mtu akikosa hela analeta alichonacho: mahindi, kuku, mkungu wa ndizi, maziwa kwenye chupa. Ibada ikiisha tunatoka nje, tunasimama duara, vitu vinanadiwa. Anayenunua anabeba, hela inaingia kwenye sadaka.

Mnadi nilikuwa mimi. Miaka sita.

Nilikuwa najua kila kitu kimetoka kwa nani, kwa hiyo nikikiinua namtaja mwenyewe na utani juu. "Jogoo wa Baba Neema huyu, anaamka kabla ya mchungaji!" Watu wanacheka, mchungaji naye anacheka, na jogoo anapata mnunuzi.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima sana, tumwite Mama Paulo. Alishuka kutoka milima ya Mbulu zamani akiwa na mumewe, sasa ni mjane, anaishi peke yake. Kila Jumapili alileta mayai matatu, ameyafunga kwenye kitambaa cha bluu. Hayazidi, hayapungui.

Naye nilimtengea maneno yake. "Haya, mayai ya Mama Paulo! Nani anakula mayai ya Mama Paulo leo? Mama Paulo, hawa kuku unawalisha nini?" Yeye anasimama pembeni, kaziba mdomo na khanga, mabega yanacheza kwa kucheka. Mayai yakinunuliwa namrudishia kitambaa chake, anaondoka taratibu. Huyo Paulo nilijua ni jamaa mkubwa, yuko Arusha huko anatafuta maisha.

Basi mwaka huu tukaletewa semina ya karama. Mwalimu kutoka mbali, mzuri kweli. Akazitaja karama moja moja: kufundisha, kuponya, unabii, na nyingine. Nikasikiliza mpaka mwisho. Kuuza kuku nje ya kanisa haikuwemo.

Wakuu, iliniuma. Na kuna rafiki yangu wa kwaya akamalizia kabisa, "Kaka, wenzako wanaombea wagonjwa, wewe uko nje unapigia kelele ndizi."

Wiki ile ile nikaenda kwa wazee wa kanisa, nimechomekea. Nikawaambia nina wito wa kuhubiri, kunadi apewe mwingine. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo, kwa ile sauti ya chini ya watu wa kiroho.

Nikapewa neno kwenye ibada za jumuiya, zile za nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza nikahubiri habari za yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Naomba msicheke. Nimevaa suti niliyoichagua mwenyewe kwenye balo la mitumba, sauti nimeifanya nzito kama wahubiri wa kwenye TV. Watu waliangalia sakafu muda wote. Wakati wa kurudi mke wangu alitembea hatua kumi mbele yangu.

Nikaendelea hivyo hivyo miezi mitatu.

Kunadi alipewa mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwema na wa utaratibu sana. Mayai yote akayaweka kwenye trei moja, mahindi yote kwenye gunia moja. Dakika kumi watu wameshatawanyika kwenda kupika. Hakuna aliyelalamika, hata mimi nilimpongeza.

Halafu nikaanza kumkosa Mama Paulo. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasema anaumwa. Mke wangu akaniambia, "Si wewe ndiye mhubiri? Nenda kamwone."

Nikaenda Jumamosi mchana na kilo ya sukari, nimevaa ile suti ya kuhubiria. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda anapepeta mbaazi, mzima kabisa, kuku wamemzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umepotea."

Nikamwambia aliyepotea ni yeye. Akatabasamu, akaendelea kupepeta. Nikamuuliza kama kuna mtu kamkosea kanisani. Akakataa, akasema mwalimu anayenadi ni mtu mzuri, na kazi ya Mungu inakwenda.

"Sasa mama, tatizo ni nini?"

Akaweka ungo chini. Kiswahili chake ni cha polepole, analitafuta neno kwanza. Naandika alivyosema.

"Paulo wangu alifariki akiwa darasa la saba. Sikupata mwingine. Hapa mtaani wote wananiita bibi, wadogo kwa wakubwa. Ni heshima, sikatai. Lakini wiki nzima hakuna mtu anasema Paulo. Jumapili wewe unasema. Unasema kwa nguvu, watu wote wanasikia, tena wanafurahi. Mimi nilikuwa naleta mayai nisikie mtoto wangu anatajwa."

Nikawa naokota mbaazi zilizoanguka chini, moja moja.

"Halafu nikaogopa," akasema. "Sadaka ni ya Mungu, na mimi kumbe nilikuwa nataka kitu changu. Labda ni dhambi. Mayai yalipowekwa pamoja, nikaona basi, nipumzike."

Wakuu, nililia. Baba mzima, suti mwilini, nalia mbele ya kuku. Miezi mitatu nimezunguka nahubiri habari za talanta iliyofukiwa!

Nikamwambia mama, sidhani Mungu anachukia mtoto wako akitajwa nyumbani kwake. Nikajaribu kuomba, ile sauti nzito ikagoma, nikaomba na hii ya sokoni. Halafu nikamuuliza Paulo alikuwa mtoto wa namna gani.

Nadhani hilo swali hakuwahi kuulizwa na mtu. Akaanza kusimulia, mbaazi zikasahaulika, chai aliyonitengea ikapoa. Wakati wa kuaga nikamwambia kesho aje na mayai yake.

Kesho yake kabla ya ibada nikamfuata mwalimu. Sikumaliza hata kujieleza. "Shika kazi yako bwana," akasema, "mimi hata mwenye jogoo simjui."

Tulipotoka nje, kitambaa cha bluu kilikuwa pale mbele.

Nikakiinua. Nikataka kuanza, nikajikuta nayahesabu yale mayai matatu mara ya pili. Kijana mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Mnadi, betri imeisha?" Watu wakacheka, nami nikapata pumzi.

"Mayai ya Mama Paulo! Mnajua hawa kuku wametoka wapi? Mama yao wa kwanza alifugwa na Paulo mwenyewe, alimnunua kwa kazi ya kuchota maji, akawa analala naye chumbani. Hawa wote ni ukoo wa kuku wa Paulo! Nani anataka mayai ya Paulo?"

Mikono ikainuka pande zote. Mama Paulo akashusha khanga mdomoni, akacheka kwa sauti, meno yake machache yote nje. Miaka sita sikuwahi kuisikia sauti ya kicheko chake.

Mpaka leo nanadi. Suti niliiuza gulioni.

Nilichojifunza ni kwamba karama yangu niliitafuta kwenye orodha ya semina, wakati Mama Paulo alikuwa anaifuata kwa miguu kila Jumapili. Kama kuna kazi umeiacha kanisani kwako kwa kuiona ndogo, kamuulize anayeipokea kabla hujaondoka.

Karibuni mchangie, hata wa kunipiga madongo. Na kama una mtu wako ambaye siku hizi hakuna anayemtaja, andika jina lake hapo chini. Nitayasoma yote, kwa sauti.