Kiwanja Kilipofungwa, Marlys Alibaki na Njia

Mjini Halden, kule Iowa, wengi tulikwenda kiwanja cha ndege kula. Ndege zenyewe zilikuwa chache, nyingi za kunyunyizia dawa mashamba ya mahindi. Lakini Marlys Tvedt alifungua mgahawa wake kabla ya jua, na marubani walijipanga kaunta wakibishana kuhusu upepo.

"Marlys, leo kahawa umekoroga na saruji?"

"Kunywa, Duane. Labda itakuziba mdomo."

Mumewe, Orrin, alikuwa mmoja wa marubani hao. Mimi niliosha vyombo pale nilipohamia mjini, na Kiingereza changu cha kwanza nilikiokota kwenye matusi yao.

Kisha manispaa ikatangaza kwamba kiwanja ni mzigo. Kifungwe, pajengwe mtaa mpya wenye nyumba, maduka, ofisi na bustani, vyote pamoja. Marubani wakaja juu. Siku moja akaja kijana wa kampuni ya ujenzi, jina lake Trent, akala pai la tufaha hadi akalamba uma.

"Bi Marlys," alisema, "mahali kama hapa ndipo patakuwa moyo wa mtaa. Ile nafasi ya kona ni yako."

Marlys alimwamini. Paa lilikuwa linavuja, na kila mwaka wateja walipungua. Kwenye mkutano wa hadhara akasimama.

"Jamani, nawapenda. Lakini watoto wetu wanahama kwa kukosa pa kukaa, na sisi tunalinda lami ya ndege. Acheni wajenge."

Madiwani walipopiga kura, kiwanja kilishindwa kwa kura moja, na diwani aliyeitoa alisema ni maneno ya Marlys yaliyomgeuza.

Kesho yake kaunta ilikuwa tupu. Duane peke yake ndiye aliyeingia.

"Kahawa. Ya kubeba. Sikai."

Orrin hakugomba. Alihamishia ndege yake Corley, mji wa mbali kidogo. Mwanzoni alirudi kila jioni. Msimu wa dawa ulipopamba moto akawa analala huko kwa dada yake. Msimu ukaisha, naye hakurudi.

Nilikuwa jikoni Marlys alipompigia simu. "Unaniacha kwa sababu ya lami, Orrin?"

Sauti ya Orrin ilitoka kwenye simu wazi kabisa. "Siyo lami. Ungeniambia kwanza. Nimekaa ukumbini nakusikia kama mtu baki."

Mgahawa ukabomolewa, mtaa ukajengwa, na kusema kweli unapendeza. Trent alikuwa ameshahamia kampuni nyingine. Mama aliyeshika nafasi yake alimpokea Marlys kwa tabasamu: ghorofani kuna wapangaji, harufu ya mafuta ya kukaangia itawakera, kona wamepewa watu wa juisi. "Ila tumeamua kukuenzi. Kichochoro cha nyuma tutakiita Njia ya Marlys."

"Njia?" Marlys aliuliza. "Nipite niende wapi?"

Sasa anapika kwenye nyumba ya wazee. Chumvi hairuhusiwi.

Vuli iliyopita Orrin alikuja nyumbani kwa Marlys kuchukua nguo zake za baridi. Nilikuwa pale, nikamsaidia kubeba sanduku. Alikuwa amepotea kwenye ile mitaa mipya. Alimuuliza mama mmoja mwenye mbwa njia ya kurukia ndege ilikuwa upande gani, naye akashangaa, hakujua kama pale paliwahi kuwa na ndege.

Marlys alikuwa amepika supu ya kuku. Orrin aliinywa wima, karibu na mlango.

"Si ukae."

"Giza litanikuta njiani."

"Uliruka kwenye ukungu miaka yote, leo unaogopa giza?"

Akatabasamu kidogo, kama zamani. Nikadhani atavuta kiti. Akaweka bakuli juu ya friji, akamgusa bega, akatoka.

Tulisimama mlangoni hadi gari lilipokata kona. Baridi ilikuwa kali, na Marlys hakuwa na sweta.

"Angenipigia kelele tu," Marlys aliniambia. "Ningejua pa kuanzia."