Kitu Kilichodunda Kinenani

Majirani huniita mwalimu wa afya, kwa vitabu nilivyojisomea. Juzi alfajiri nilikuta donge kinenani, likidunda kama moyo wa pili. Nilipolibonyeza, lilihama chini ya ngozi. Nikaamini ni kifo kimeniingia. Nikavaa suti ya kuzikiwa, nikalala chali, nikamkabidhi mke wangu watoto. Ndugu wakaimba kwa sauti za matanga.

Nesi jirani akalipapasa. "Papa, toa soksi."

Kidole cha mguu kilikuwa na usaha, na ndani yake mwiba wa samaki niliokanyaga kwenye maporomoko ya Wagenia.

"Hii iko tezi tu. Askari ya mwili iko napigana na uchafu ya mguu. Si wewe ulitufundisha?"

Nyimbo zikakatika.

"Na suti ulivaa," mke wangu akasema.