Pua ya Boti la Shemeji

"Yaani nimlishe mtu mzima, nimpe na pa kulala, na yeye asivute hata kamba? Kisa sentimita kumi na nane? Fundi, kata!"

Anayefoka ni shemeji mtu, kaka wa mke wa fundi maboti. Sheria mpya ya uvuvi imetoka wiki iliyopita: chombo kikizidi mita kumi ni kikubwa, leseni yake bei mara tatu, na kila safari kibebe mwangalizi wa serikali wa kuhesabu samaki. Boti la shemeji limezidi kwa hizo kumi na nane. Afisa wa leseni anakuja kupima saa nane mchana huu.

"Siyo kila kitu ni kukata tu," fundi akasema, macho pembeni.

"Na nani aliniambia nirefushe? Si wewe?"

Ni fundi kweli. Miaka minne nyuma, sheria ya wakati ule iliwaruhusu wenye vyombo virefu tu kuvua mbali, watu wakampangia foleni. Alirefusha maboti mpaka akaota kitambi. Ila pua hii aliichonga bure, mwezi mzima, enzi zile anatafuta kukubalika ukweni. Hajawahi kupiga randa vizuri namna ile tena.

"Dada yako akisikia nimeikata..."

"Dada ndiye kanituma."

Basi. Fundi akashika msumeno. Pua ikaanguka kwenye takataka za mbao, akapigilia ubao bapa, akaziba nyufa kwa pamba na mafuta haraka haraka. Boti likabaki kama limegonga ukuta.

Afisa akaja na futi kamba yake, wakalisukuma boti majini, akapima mara mbili.

"Mita tisa na themanini na tisa. Mbona mmekata nyingi?"

"Nilikuwa na hasira, bosi."

Muhuri ukagongwa: chombo kidogo. Shemeji akaibusu leseni kama mtoto mchanga. Afisa yeye hakuondoka. Akawa anapapasa ule ubao, halafu akamvuta fundi pembeni.

"Kazi safi. Sasa, kuna boti la mdogo wangu. Lina mita kumi na moja na nusu."

"Mdogo wako mvuvi?"

"Mwalimu." Afisa akakohoa. "Lakini sheria ni sheria, lazima tuifuate."

"Mita moja na nusu, bosi, hiyo siyo pua tena. Hapo tunafika kifuani."

"Ndiyo maana nakuita wewe."

Huku nyuma shemeji akapiga kelele: "Fundi! Maji yanaingia huku mbele!"

"Mbao zikivimba yatakoma, shemeji! Wewe chota tu!" fundi akajibu, mguu mmoja tayari umo ndani ya gari la serikali.