Ukanda Mweupe wa Ukingoni

Enzi zetu huko Wamagana sufuria zilisuguliwa kwa majivu, na sisemi majivu ya jikoni. Nyuma ya boma letu, kwenye ukingo wa mto, ukanda mweupe ulipita katikati ya udongo mwekundu, mnene kama kiganja. Jumamosi tulitumwa huko tukiwa na kopo. Sufuria iling'aa mpaka unaona meno yako. Wajukuu wangu leo wako na sabuni ya chupa yenye picha ya ndimu, na ugali bado umeganda pembeni.

Mama alikuwa na sheria moja. "Chukueni majivu, lakini chini yake msichimbe. Huko kuna wenyewe." Wenyewe gani, hakusema. Lakini mvua ikipiga, vijiwe vyeusi vilichungulia chini ya ule ukanda, vinang'aa kama kioo, vimechongwa vikawa vikali. Shule niliiacha nikiwa mdogo, lakini penseli yangu, niliyoichonga kwa kijiwe kimoja cha hivyo, ilikuwa kali kuliko ya mwalimu. Mama aliturudisha navyo vyote ukingoni. Kimoja kilibaki kwenye kaptura yangu.

Mama alipokufa, kaka yangu Kariuki aliwauzia ukingo watu wa mawe ya kujenga. Nikamwambia, "Mama alikataza tusichimbe."

"Alikataza jembe," akacheka. "Hii ni tingatinga."

Kabla mvua haijaanza, ukingo ulikuwa umeisha.

Juzijuzi akaja msichana wa chuo kikuu, mpole, akashika kijiwe changu kama yai. Akaniita guka, yaani babu, akanieleza ati mlima ukitapika moto, majivu yake hutua nchi nzima kwa wakati mmoja, na wao wanajua kupima umri wake. Kilicho chini ni cha kale zaidi. Udongo wa hapo unasema hata kama waliochonga vijiwe hivyo waliishi wakati wa mvua au wa ukame.

"Guka, hiki kilitoka juu ya majivu au chini?"

"Chini. Nimekitoa na mkono huu."

Akafunga daftari lake. "Nakuamini, guka. Lakini bila ukingo siwezi kuandika umri wake."

Akanirudishia, akashukuru kwa chai, akaenda.

Sasa pale ni shimo, maji ya kijani na mbu. Zamani mtoto akiuliza nani aliishi hapa kabla yetu, ningemshika mkono tushuke mtoni, nimwonyeshe kwa kidole: hawa hapa, chini ya majivu. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwekea kijiwe mkononi. Akakigeuza, akakinusa.

"Guka, hii si ya chupa ya bia?"