Viti Vilivyokwenda Matangani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Ilikuwa katika maktaba kubwa mjini Kakamega, nami nilikuwa binti wa mtaa wa Amalemba aliyedhani kazi ya maktaba ni kukaa kimya na kupiga mihuri. Nilikuta kitabu mezani, nikakichomeka kwenye rafu iliyokuwa karibu. Mkutubi Mkuu, mama aliyevaa miwani yenye kamba, alikichomoa pale pale. "Kitabu kikikaa rafu isiyo yake kimepotea," akaniambia. "Afadhali hata mwizi. Mwizi anaweza kukirudisha."

Basi nikafundishwa kusoma rafu, yaani kupitisha kidole kila asubuhi kwenye migongo ya vitabu kuhakikisha namba zinafuatana. Nikafundishwa kupalilia, yaani kuondoa vitabu vilivyochakaa au kupitwa na wakati ili vilivyo hai vionekane. Nyinyi mnaosomea ukutubi siku hizi mna kompyuta ya kuwaambia kila kitu. Hongereni, lakini kompyuta haina kidole. Baadaye nilihamishiwa kitengo cha masanduku ya vitabu, tukiyapeleka mpaka shule za karibu na Isecheno, na msimu wa mvua tulikuwa tunaanika kurasa kama mboga.

Khayega, mji mdogo wa soko, nilikwenda kuwa mkutubi nikiwa mtu mzima. Pale palikuwa na maktaba ya jamii, maana yake haina serikali nyuma yake, ina kamati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai hata siku ya soko. Shirika moja la wafadhili lilikuwa limetununulia vitabu, meza na viti vya plastiki vya buluu vyenye nembo yao mgongoni. Wafadhili wanapenda kununua vitu vinavyopigwa picha. Stima haipigwi picha, mlinzi naye haonekani vizuri gizani, kwa hiyo hayo mawili tuliachiwa wenyewe.

Ndipo Mwenyekiti alipopata wazo la viti. Kwetu mtu akifa watu hujaa bomani siku nyingi, na wote wanahitaji pa kukaa. Tukaanza kuvikodisha matangani. Vinaondoka Ijumaa, vinarudi Jumapili vikiwa na matope, navioshea nyuma ya jengo. Pesa ile ndiyo iliyonunua tokeni za stima, na kwa stima hiyo watahiniwa wa kidato cha nne walisoma hadi saa tatu usiku. Wengi wao nyumbani walikuwa na koroboi moja ya ukoo mzima. Tatizo ni kwamba mkataba ulisema viti visitoke chumbani. Tulijua. Tulivikodisha hivyo hivyo.

Mwaka huo mkataba ulikuwa unaisha. Wafadhili waliahidi wakiuongeza watalipa stima, watalipa mlinzi, watanipa mshahara kamili badala ya ile bahasha nyembamba ya kamati, na watajenga chumba cha watoto. Msingi ulikuwa umeshachimbwa. Kilichobaki ni Afisa Miradi wao kuja kutukagua Jumatatu.

Akaja Ijumaa mchana.

Nilimwona akishuka garini. Viti vyote vilikuwa kwenye matanga ya mama mmoja upande wa mtoni, mama ambaye, nisiwafiche, hakuwahi kuingia maktabani hata siku moja. Ndani watahiniwa walikuwa wamesimama kuzunguka meza, wameinama juu ya vitabu vya kemia. Afisa, msichana mpole wa rika la bintiye dada yangu, alitazama chumba kizima, kisha akauliza wasomaji wanakalia nini.

"Viti viko kwa fundi," Mwenyekiti akasema, bila hata kupepesa.

"Vyote?"

"Vyote."

Afisa akasema vizuri, yeye ana muda, atasubiri mpaka saa kumi viletwe avione. Mwenyekiti akanivuta kando na kuninong'oneza nipande boda boda nikavilete, na nikikawia chumba cha watoto nikisahau. Nilitaka kumrukia. Uongo ni wake, miguu ni yangu! Lakini niliwatazama wale watoto waliosimama, nikapanda boda boda.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa mabaya. Nilipofika nilikuta wakwe ndio kwanza wameingia kutoka Lugari, kundi kubwa, na wote wameketi juu ya buluu yangu. Mkisikia wakwe nyinyi vijana mnaona watu wa kawaida tu. Sisi mkwe tulikuwa tunampisha njia. Nikamtafuta kaka wa marehemu, mzee aliyesimamia matanga, nikachuchumaa karibu naye, nikampa pole, kisha nikamweleza shida yangu kwa sauti ya kujificha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Mwalimu," akasema, maana mkutubi huko huitwa hivyo, "wakwe wamekalia hizo viti. Unataka niende niwaambie wasimame?"

Akainuka polepole, akakigeuza kiti chake na kunisukumia. "Chukua hii yangu. Hiyo naweza."

Niliona aibu ambayo sijaisikia tena maishani. Nikakichukua. Nilirudi Khayega nyuma ya pikipiki nimekumbatia kiti kimoja, watu wa sokoni wakinitazama kana kwamba nimekiiba, na kidogo ilikuwa hivyo.

Nilikiweka mbele ya Afisa. Mwenyekiti alishaanza kusema fundi ana foleni, nami nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Afisa viti viko matangani, vinaendanga kila Ijumaa, na ndivyo vinavyolipa stima iliyo juu ya kichwa chake.

"Najua, mama," akasema. "Nimevipita nikija. Nimeona nembo yetu barabarani." Macho yake yalikuwa yameloa. "Nimesubiri mniambie. Sasa umeniambia ukweli, nami nitaandika ukweli. Lakini ukweli wenyewe umevunja mkataba."

Mkataba haukuongezwa. Mwenyekiti alinilaumu mimi mbele ya kamati nzima, eti ningefunga mdomo, na kwa muda mrefu tukawa tunapishana sokoni bila salamu. Ule msingi wa chumba cha watoto umeota nyasi mpaka leo, na nikiupita roho inaniuma. Mshahara kamili sikuuonja hadi nastaafu.

Lakini jioni ile ile nilikirudisha kile kiti. Nilimkuta mzee bado amesimama, ameegemea mti wa hema, na watu walipompisha alikataa kumwinua mtu yeyote. Nikamwekea kiti, akakaa, akashusha pumzi.

Wafadhili hawakuvidai viti vyao. Mkataba ulipokufa, lile katazo nalo likafa, tukaanza kuvikodisha mchana kweupe, jina la maktaba limepakwa rangi juu ya nembo. Stima haikuzimwa. Kila mwaka watahiniwa wameketi siku nne za juma, na Ijumaa na Jumamosi wakasoma wamesimama. Walilalamika, tena sana, na walikuwa na haki.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Juzi mkutubi aliyeshika nafasi yangu alikuja nyumbani na furaha tele. Amepata wafadhili wapya, wana pesa kuliko wale, watamalizia chumba cha watoto na watanunua viti vya mbao vyenye mto, ila visitoke nje ya jengo. Akaniuliza atie sahihi?

Nilikaa nikaliwaza lile jambo mpaka chai ikapoa. Kile chumba nimekitamani miaka yote. Nikamwambia atie, mwanangu, lakini kabla ya kalamu kugusa karatasi awaulize swali moja: siku watu wakifiwa, watakaa wapi?